Namna ya Kutulia Makupa na Bado Ukarudi Nyumbani na Viatu Vyako

Umesikia mahali, labda kwenye hotuba ya Ijumaa, labda kwenye ibada ya Jumapili, kwamba Mungu yupo katika kila jambo dogo la siku yako, na kwamba humtambui kwa sababu una haraka. Ukaguswa. Ukakata shauri kupunguza mwendo. Vizuri sana. Ungekuwa Lamu ungeambiwa keti hapo hapo ulipo, umeshafika. Lakini wewe wakaa Makupa, pale kisiwa cha Mombasa kilipofungwa na bara kwa fundo moja, na kila lori, matatu, tuktuk na mkokoteni wa kwenda Changamwe lazima upite kwenye fundo hilo. Maelekezo haya yametungwa kwa ajili yako. Yasome nyumbani kabla ya kutoka. Ukiyasoma njiani utagongwa.

Kwanza, tenga muda. Imam Ghazali alipotaka jambo hili hili aliacha kazi yake ya ualimu Baghdad mwaka 1095, akazunguka Sham, Baitul Muqaddas na Hijazi, na ikapita kama miaka 11 kabla hajarudi kufundisha. Wewe umejipa Jumamosi, kati ya saa tatu, ukishapeleka nguo kwa dobi, na saa tano, fundi wa mfereji anapokuja. Usimhofie fundi. Amesema atakuja saa tano inshallah, na hapa inafaa ujue kwamba inshallah ya Makupa ina ngazi tatu. Ikitamkwa polepole, macho yakiinuliwa juu, mtu atakuja. Ikitamkwa haraka huku akitazama kando, huenda akaja. Ikitamkwa mara mbili mfululizo, tafuta fundi mwingine. Usimdhanie vibaya, si mwongo. Amemwachia tu Mwenyezi Mungu kazi ya kueleza kwa nini hakutokea. Tahadhari: usimuulize mtu inshallah yake ni ya ngazi gani. Ni utovu wa adabu, na juzi wewe mwenyewe ulimwambia mwenye nyumba inshallah mara mbili.

Pili, simama. Chagua mahali karibu na raundabauti, nyuma kidogo ya wauza maji na njugu. Shusha mabega. Vuta pumzi, lakini usivute ndefu, kuna malori ya bandarini. Sasa utakutana na kanuni ambayo haikuandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: Makupa, mtu aliyesimama ni abiria. Makanga wa kwanza atakushika kiwiko. Wa pili atakuchukulia mfuko wako ili kukupunguzia mzigo. Wa tatu ataanza kugombana na wale wawili juu yako, kana kwamba hupo. Ukisema, "Siendi popote," watakutazama kwa huruma, na mmoja atakuuliza kwa upole, "Basi wapi?" Ukiwafafanulia kwamba umesimama umtafakari Mola wako, utaambiwa Mola yupo mpaka Magongo, ingia, kuna viti. Kwa elimu ya tauhidi hana kosa hata kidogo. Weka nauli mfuko wa mbele.

Tatu, kwa kuwa umeshaingia garini, tumia nafasi. Gari lina viti 14 na nyinyi mko wanne. Kwa mujibu wa makanga, amebaki mtu mmoja, mmoja tu, twende. Ataingia mmoja, na atakuwa amebaki mmoja. Atashuka mmoja kwa hasira, na bado atakuwa amebaki mmoja. Kuna watu wametumia miaka katika zawia na monasteri kujifunza subira ya namna hii, nawe unafunzwa bure, huku jasho likikutiririka mgongoni na kuku wa mtu akikutazama kutoka kwenye kikapu. Inua macho. Juu ya kioo cha mbele kuna kibandiko kikubwa kisemacho MUNGU MBELE, kimebandikwa pale pale dereva alipopaswa kuonea barabara. Litafakari neno hilo sasa, gari likiwa limesimama. Likishaanza kwenda utalitafakari kwa njia nyingine, macho yakiwa yamefumba.

Nne, salimia. Hili ni fupi. Sabalkheri, akheri, za nyumbani, njema, watoto, hawajambo, kazi, twasukuma, alhamdulillah. Mtu mzoefu huzimaliza zote bila kupunguza hatua, na jibu la mwisho humpata mwenzake mgongoni. Wewe ukifika kwenye alhamdulillah, simama. Itamke kama mtu aliyehesabu: umeamka, maji yametoka, mtoto homa imemshuka usiku. Mwenzako naye atasimama, uso umembadilika, na atakuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kuna nini, ndugu yangu?" Atadhani umefiwa. Ukimhakikishia hujafiwa, atadhani wataka kukopa, na mkono wake utaenda mfukoni kuangalia kama mfuko bado umo. Kama kweli ulikuwa na haja ya kukopa, umeshaiharibu.

Tano, ingia mahali pa ibada. Hapa huna udhuru. Mombasa iko karibu na ikweta, na kwa mwaka mzima saa ya magharibi huhama kwa kama nusu saa tu. Mtu wa London, ambaye magharibi yake ya Disemba huingia karibu na saa kumi alasiri na ya Juni huingia saa tatu na ushei usiku, angekuwa na la kujitetea. Wewe unaadhiniwa na misikiti minne kwa mpigo, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa nusu dakika, ili hata aliyekosa wa kwanza asikose wa nne. Basi vua viatu, uingie. Na ukumbuke kanuni hii: ukiacha viatu vipya kwenye rafu, moyo wako utaswali kwenye rafu.

Nayasema haya kwa uzoefu. Ijumaa moja nilivaa champali mpya za ngozi kwenda msikiti ambao sitautaja. Rakaa ya kwanza nilizikumbuka mara moja tu. Ya pili nilizikumbuka mpaka kwenye tahiyatu, nikiziona kabisa, na ule mshono mweupe wa pembeni. Nilipotoka zilikuwa zimeondoka na nimeachiwa ndara mbili za chooni, zote za mguu wa kushoto. Nilirudi nazo nyumbani, mwendo wa dakika ishirini, nikipinda upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya, na nakiri kwamba njia nzima nilimtaja Mungu mara nyingi kuliko nilivyomtaja ndani.

Wenzetu wa Jumapili msicheke. Nyinyi mwaingia na viatu vyenu, ni kweli, lakini nimehudhuria arusi kanisani nikaona macho ya kina mama yakimhama mchungaji taratibu na kwenda kwenye saa ya ukutani, maana nyumbani maharagwe yako jikoni na aliyeachiwa ana miaka tisa. Watu hupenda kumtaja Ndugu Lawrence, mtawa wa Kikarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, aliyesifika kwa kuona kwamba Mungu alikuwa naye katikati ya masufuria sawasawa na kanisani. Hawaongezi kwamba jiko lile lilikuwa la watawa na hakuna aliyekuwa akimpigia honi. Wala tusijione wa kwanza kukemewa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuchapisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na humo hakutuonea haya watu wa pwani hata kidogo. Karibu miaka mia inatimia. Tulisoma, tukatikisa vichwa, tukasema kweli kabisa Sheikh, tukatoka mbio. Tahadhari: vaa viatu vibovu.

Sita, Makupa ikikushinda, shuka Mji wa Kale. Huko njia ni nyembamba na matatu haziingii, kwa hivyo una nafasi nzuri. Utaupita Msikiti wa Mandhry, uliosimama pale tangu 1570 na hakuna makanga aliyewahi kuushika kiwiko. Utaiona Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaipa jina la Yesu kisha wakaijaza mizinga, kwa hivyo jambo la kumtaja Mungu huku akili iko kwingine halikuanza na fundi wako wa mfereji. Tafuta baraza yenye kivuli. Msubiri muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake. Pokea kikombe kidogo kama ganda la yai. Chukua na kipande cha kashata, maana kahawa ni tungu. Sasa nyamaza.

Hutaweza. Barazani mtu hanyamazi bila sababu. Mtu aliyekaa kimya ana moja kati ya matatu: mgonjwa, anadaiwa, au amegombana nyumbani, na wazee wa baraza hawatapumzika mpaka wajue ni lipi. "Wanyamaa leo, babu," ataanza mmoja. Ukijibu kwamba unatulia tu, watatazamana. Kufikia kikombe cha pili itakuwa imeamuliwa kwamba ni nyumbani. Kufikia cha tatu mzee mmoja atakuwa amejitolea kwenda kumwona baba mkwe wako, ambaye huna. Na ukiinuka, ukaingiza mkono mfukoni kulipa, muuza kahawa atakwambia umeshalipiwa, na hatakuonyesha na nani. Usisumbuke kumtafuta. Utaharibu mambo kwa kushukuru mtu asiye yeye.

Saba. Hatua hii huwezi kuipanga, na katika zote ndiyo niliyowahi kuiona ikifanya kazi, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo.

Tuseme umerudi zako upande wa Majengo, umekata tamaa, umesimama kwenye kibanda cha viazi karai. Kijana anachovya viazi kwenye unga wenye manjano na pilipili, anavitumbukiza kwenye mafuta kimoja kimoja, na mafuta yanalalama. Mbele yako kuna watu watatu na nyuma yako kuna mmoja anayekupumulia shingoni akitaka kupita. Nyimbo mbili tofauti zinapigwa kwenye maduka mawili. Kisha duka moja linazima redio. La pili nalo linazima. Makanga aliyekuwa akiita Changamwe anaimeza "mwe" yake. Unageuka, unaliona jeneza linakuja, limefunikwa kitambaa cha kijani chenye maandishi ya uzi wa dhahabu, juu ya mabega ya watu, na shahada inakuja nalo, kwa sauti moja ya chini isiyopanda wala kushuka.

Fanya kama wanavyofanya wengine. Usiulize ni nani. Kama wewe ni mwanamke, utasimama kando na leso yako, na kwa kuwa hubebi kitu utaona zaidi: mwenye duka anayefunga mlango nusu, kijana wa bodaboda asiye Mwislamu anayevua kofia na kuishika kifuani, mtoto anayezuiwa asivuke. Kama wewe ni mwanamume, ingia. Kijana wa viazi ameshaingia. Amefuta mikono kwenye aproni, ameliacha karai likichemka na kasha la pesa likiwa wazi, na hakuna mkono uliolielekea. Sogea mbele, nyoosha bega, pokea.

Utashangazwa na mambo mawili. La kwanza ni uzito, ambao hauko ulikoutarajia, kwa sababu aliye mbele yako ni mrefu na mzigo wote unakuja kwako. La pili ni kasi. Jeneza haliendi polepole; maiti huharakishwa, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe uliyetafuta utulivu tangu saa tatu asubuhi umeupata chini ya kitu kinachokwenda mbio kuliko vyote mtaani, kitu pekee Makupa kinachofika kwa wakati. Unanusa marashi na udi. Unausikia mwendo wa miguu, wako ukiwa mmoja tu katika mingi. Hufikirii viatu. Hatua ya kumi, labda ya kumi na mbili, mkono unakugusa mgongoni, bega la mtu mwingine linaingia chini ya mti, na wewe umeachwa nyuma katikati ya barabara, mikono mitupu, ukilitazama likipinda kuelekea makaburi ya Kikowani.

Redio ya kwanza inawashwa. Makanga anaimaliza "mwe". Kijana wa viazi anarudi akihema, anakuta karai zima limeungua, analichota lote bila kusema neno na kulimwaga pembeni, anaanza upya. Anachovya, anatumbukiza. Kisha anainua uso.

"Vingapi?"

Utasema vinne. Atakuwekea vitano. Tahadhari: hali uliyonayo wakati huo hudumu kwa muda wa viazi vinne. Kwa mwenye imani madhubuti, vitano. Kufikia tone la mwisho la ukwaju utakuwa umeshatazama saa.

Nane na mwisho, nenda ukaangalie maji. Panda gari la Changamwe magharibi ikikaribia, na ung'ang'anie dirisha la kushoto. Kwa miaka mingi hapa palikuwa na tuta, mawe na udongo vilivyojazwa ili njia ya kwenda bara ipite, na maji ya upande wa Tudor na ya upande wa Port Reitz yalikuwa majirani wasiosalimiana. Kando yake Kibarani palikuwa jaa la taka, na sote tulipita pale tumeziba pua, tukiomba dua moja tu, nayo ni gari lisizimike. Jaa likafungwa. Mwaka 2022 daraja jipya likafunguliwa na maji yakapata njia ya kupita chini, yakija na kurudi mara mbili kwa siku bila kuulizwa na mtu. Hili ndilo utakalolitazama. Usiwe na wasiwasi kuhusu muda, foleni itakupa. Malori yamesimama mbele, malori yamesimama nyuma, dereva amezima injini. Huna pa kwenda. Hali uliyoitafuta siku nzima umekabidhiwa kwa amri ya barabara.

Karibu nawe ataketi mama mmoja mwenye mkoba mapajani. Atatazama nje kwa muda. Jua litakuwa limeshuka juu ya maji ya Port Reitz, limevimba, jekundu kama embe lililoiva upande mmoja, na kutoka kisiwani adhana ya kwanza itakuwa inajaribu kipaza sauti. "Subhanallah," atasema. "Mwanangu, hebu tazama."

"Naam mama, sasa hivi," utamjibu, kwa sababu simu yako imelia. Ni fundi wa mfereji. Ameandika kwamba yuko njiani, inshallah inshallah. Utaanza kumwandikia jibu kali, utalifuta, utaandika la upole, utalifuta hilo pia, mwishowe utaandika "sawa". Kisha utainua kichwa.

"Wapi, mama?"

"Lishazama," atakwambia, na atafungua mkoba wake atafute nauli.